Siku Daraja la Luwindo Lilipopumua

Mapera, Ijumaa jioni

Mwanangu Otilia,

Usinicheke kwa kukuandikia barua wakati uko chumba cha pili unakunja nguo. Nakusikia unavyoimba, tena maneno ya wimbo unayakosea. Nimejaribu mara tatu kuja kukuambia kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umeweka sweta. Sweta unayo. Habari za blanketi, za dawa, za kupiga simu ukifika, nimezisema mpaka umezichoka, kwa hiyo humu hutazikuta. Nitaichomeka barua chini kabisa ya begi, ndani ya kitenge cha kijani, ili uisome ukiwa mbali na mimi nisiweze kukunyang'anya.

Jumapili ulinifungulia kompyuta yako hapa mezani. Ulikuwa na furaha mpaka nikakuonea wivu. Ulinieleza kazi uliyopata: mtaifundisha mashine kutambua nyufa kwenye madaraja ya chuma kwa kuionyesha video nyingi, zenye nyufa zikiwa folda moja na zisizo na nyufa folda nyingine, hadi ifike mahali iweze kutofautisha yenyewe. Kisha ukaniita, "Mama, hebu njoo! Nani huyu?" Juu kabisa ya folda iliyoandikwa SALAMA palikuwa na Daraja la Luwindo, kiungio cha saba, na chini yake jina langu kama mkaguzi. Ukasema, "Video zako ndizo za mfano, Mama. Mashine nzima itajifunza kwako." Nikasema macho yananiwasha, nikatoka nje kwenye majamvi ya kuanikia kahawa. Wewe ukadhani nalia kwa furaha.

Otilia, kiungio kile kina ufa. Kilikuwa na ufa siku ile nilipokipiga picha, na mimi niliuona.

Haya. Nimeshaliandika, na mkono haujakatika. Sasa kaa chini nikusimulie.

Wewe umesoma kunizidi, lakini vumilia nieleze kwa maneno yangu. Chuma huchoka. Chukua waya, ukunje ukunjue, ukunje ukunjue. Mkunjo mmoja hauufanyi kitu, ila ukiendelea unakatika mkononi. Daraja nalo ni hivyo hivyo. Kila lori likipita linapinda kidogo mno, kisha linarudi. Malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka kushuka ziwani yanapita mchana kutwa, na pale chuma kilipochomelewa au kutobolewa ndipo ufa unapoanzia. Na ufa wa aina hii una tabia mbaya. Daraja likiwa tupu, unajifunga kabisa. Unaweza kupitisha kidole juu yake, ukasugua na brashi, ukamulika tochi, usione chochote isipokuwa rangi. Lori lenye mzigo likifika juu yake ndipo unapofunguka, upana wa unywele, sekunde moja tu, kisha unafumba tena.

Ndiyo maana tuliletewa kamera. Unapulizia kiungio rangi nyeupe, unanyunyizia vidoa vyeusi, unasimamisha kamera chini kwenye ukingo wa mto, unasubiri malori. Kompyuta inafuatilia kila kidoa. Vidoa viwili vilivyo jirani vikiachana na kurudiana, basi kati yao pana ufa, na mashine inapaka nyekundu pale. Pasipofunguka hubaki bluu. Tulikuwa na kamera ya pili pia, ndogo, juu kwenye kingo za daraja, ya kutuonyesha ni gari gani lilikuwa linapita saa ngapi. Mtaalamu wa kamera alikuwa Bwana Saidi, mtu wa Tanga, mcheshi, mswalihina, hana makuu. Alikuwa na programu nyingine ya kukuza mtikisiko. Ukiitazama video yake unaona daraja zima linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Mara ya kwanza nilipoiona nilimwambia, "Zima hiyo, Saidi. Haifai kuangaliwa na mtu ambaye hajala." Akacheka sana. Mimi sikuwa natania.

Daraja la Luwindo lilikuwa na mlinzi, Mzee Kasiani. Alilifagia kila asubuhi kama mtu anayefagia uwanja wake. Mwaka huo, miezi kadhaa kabla ya kamera kufika, nilipita kukagua kwa macho kama ilivyo desturi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanishika mkono akanipeleka katikati ya daraja. Jua la saa sita, hakuna gari wala mtu.

"Sikiliza," akasema.

Nikasikiliza. Mto, basi.

"Halijakuzoea," akasema. "Siku hizi linatembea, mama. Pakiwa kimya linatembea hapa chini. Tik, tik, tik. Nikienda huku linanifuata."

Nikamwuliza kama amekula. Ndivyo nilivyomjibu yule mzee, Otilia, kwa dharau iliyovaa nguo za huruma. Miaka ishirini ya fagio juu ya chuma kile, anaijua sauti yake kuliko mimi na vyeti vyangu, halafu namwuliza kama amekula! Alikuwa amesimama juu ya kiungio cha saba. Sikuandika hata mstari mmoja.

Siku ya kamera tulifika asubuhi. Tulikuwa na siku hiyo moja tu, maana kesho yake Saidi na vifaa vyake walitakiwa Njombe. Yakapita malori mawili matupu yanayorudi Ngaka. Yenye mzigo yalikuwa bado. Kabla hayajafika akaja mwenyekiti wa kijiji, kavua kofia.

"Mama mkaguzi, tuna msiba. Mzee Kasiani ametutoka. Makaburi yako ng'ambo, itabidi tupite na jeneza juu ya daraja. Malori tumeyasimamisha mpaka tumzike."

Wewe ni mtoto wa huku, unajua. Maiti ikipita, shoka linasimama, pampu ya maji inazimwa, hata mashine ya kusaga inanyamaza. Nani angefungua mdomo aseme, hapana, acheni malori yangurume juu ya jeneza, nina kazi ya serikali? Nikasema poleni sana, tupo pamoja. Hapo sikukosea, na hata leo ningesema hivyo hivyo. Kosa langu lilikuja baadaye. Kamera tuliziacha zinaendelea kwa sababu Saidi alisema kuzizima na kuziwasha kutavuruga vipimo.

Mimi na yeye tulikaa chini kabisa, penye mawe, chini ya kiungio. Juu yetu tukaanza kusikia watu. Kwanza wimbo kwa mbali, wanawake, halafu miguu. Kijiji kizima, mwanangu, na vijiji vya jirani, maana mzee yule kila mtu alimjua. Walibanana kutoka kingo hadi kingo, wanakwenda kwa hatua za wimbo, taratibu, kushoto, kulia. Vumbi likawa linatudondokea kichwani. Mimi nilikuwa nimeinama nasali, Saidi akanigusa bega.

Kwenye kompyuta kiungio cha saba kilikuwa chekundu.

Kikafifia kikawa bluu. Kikawa chekundu. Kikawa bluu. Kwa hatua zile zile. Mstari mwembamba, mrefu kama kiganja changu, unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, wakati jeneza la mzee aliyeniambia kwamba daraja linatembea, liko juu ya kichwa changu. Jeneza lilipofika katikati wimbo ukasimama wabadilishane mabega. Pale palipokuwa na wimbo tukasikia kitu kingine, hapo hapo juu yetu. Tik. Tik. Tik.

"Innalillahi," Saidi akanong'ona. "Dada, hiki kitu kinapumua."

Nywele zilinisimama. Walipokwisha kupita kiungio kikatulia, kikabaki bluu tupu. Nilipanda juu ya mwamba nikakitazama kwa macho yangu mawili, nikakigusa. Rangi nyeupe, vidoa vyeusi, hakuna kitu. Chuma kilikuwa cha baridi na saa hizo jua lilikuwa kali.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo mama yako alipoharibu. Sikuogopa mzimu. Laiti ningeogopa mzimu ningekimbia nikipiga kelele, na pengine kelele zile zingesaidia. Niliogopa kuchekwa. Miaka mingi nyuma, kwenye daraja jingine, niliwahi kuwapa wazee siku mbili wafanye tambiko kabla hatujachimba msingi. Ofisini wakanibatiza Bibi Tambiko, na jina lile lilinifuata hadi kwenye sherehe za Mei Mosi. Nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye ukaguzi. Nikajiona ninavyoandika: ufa ulionekana wakati jeneza la mlinzi wa daraja linapita, ukatoweka lilipotoka. Nikaona wanavyoisoma kwa sauti wakati wa chai, wanavyoangua kicheko.

Nikamwambia Saidi, "Miguu ya watu haiwezi kufungua chuma kile. Ni kosa la mashine. Ni vumbi."

Akaniangalia. "Dada, vumbi halifuati mdundo."

"Nimesema ni kosa la mashine. Kata dakika hizo, peleka zilizobaki."

Akakata. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake pale. Nikajaza fomu kwa mwandiko wangu ule mnaousifu: kiungio cha saba, kimepimwa chini ya mzigo, hakuna ufa. Chini ya mzigo! Malori mawili matupu, maana yenye mzigo yaliruhusiwa kupita giza limeshaingia, nasi tumeshafunga kamera. Kadi yenye video nzima nikaitia kwenye mkebe wa sindano, nikajiambia nitaiangalia kwa nafasi.

Nafasi sikuipata hadi baada ya daraja kuvunjika, na siku hiyo nilihesabu vichwa vya waombolezaji kwenye video ya kamera ya juu. Sikuhesabu kwa uchawi, nilihesabu kwa kidole kwenye kioo, mmoja mmoja. Watu waliobanana namna ile ni mzigo, Otilia. Ni mzigo wa kweli, unapigika hesabu, tena unapiga hatua pamoja. Ingenichukua dakika tano kulitambua hilo pale pale mtoni. Na kama miguu ya waombolezaji iliweza kukifungua, lori la makaa lilikuwa linakifanya nini kila siku? Jibu lilikuwa mbele ya uso wangu likiwa jekundu, nami niliona soni kulisoma kwa sababu lilikuja siku ya jeneza.

Ukikutana na jambo linalokusisimua mwili, lipime kwanza. Hilo tu ndilo ninalokuomba kuhusu kazi yako, na silisemi kwa sababu najua, nalisema kwa sababu sikulifanya.

Tangu siku ya jeneza yalipita majuma matatu. Lori la Baba Stela lilikuwa na makaa, linashuka ziwani, asubuhi ya ukungu. Kiungio cha saba kikaachia. Boriti ikakatika, sakafu ikafunguka, gari likaingia mtoni na yeye ndani. Alikuwa peke yake. Baba Stela unamkumbuka, yule wa Liuli, aliyekuwa akipita Mbinga anapiga honi mara mbili na kukuletea matunda ya huko chini.

Walinituma mimi niangalie boriti. Nani mwingine, mimi ndiye niliyekuwa na vipimo. Niliteremka mtoni nikakikuta chuma kimelala kwenye mchanga, nikaangalia pale kilipokatikia. Ukiona mvunjiko wa namna ile hutausahau. Kipande kidogo kilikuwa kinang'aa, kipya, kimekatika asubuhi ile. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa nyeusi ya kutu, ina mistari mistari imepangana kama ya gamba la konokono wa ziwani, kila mstari ni siku zake. Ule ufa ulikuwa umekaa humo muda mrefu unakula polepole. Nilikaa na chuma kile saa nzima. Kisha nikakigeuza, uso mweusi ukaangalia mchanga.

Kwenye kikao cha uchunguzi waliniuliza kwa upole kabisa. "Mama, wewe ulipima. Palikuwa na ufa?"

Nikasema, "Hakuna ufa. Imo kwenye ripoti."

Sikupepesa hata jicho. Wakafungua karatasi za mzani, wakakuta mzigo ulizidi. Ulizidi kweli, kama wa kila lori lililopita pale mwaka ule. Basi ikaandikwa: dereva alizidisha mzigo, daraja lilikuwa zima. Kufika mwisho wa mwezi pwani yote ya ziwa inasema Baba Stela aliuawa na tamaa, na daraja la watu akalivunja. Wagonjwa wakawa wanavushwa kwa kubebwa mgongoni, na kila aliyelowa alilitaja jina lake. Stela alihamishwa shule kwa maneno ya wenzake. Mama Stela alikuwa anaimba kwaya; akaacha.

Na mimi nilikwenda kwenye mazishi yale. Nilipika. Niliosha vyombo. Mama Stela akaniona mtu mwema, na tangu hapo kila msimu anatuletea usipa, dagaa wa ziwani. Huo uliokula miaka minne hii na kuusifu. Wewe ulikuwa unashangaa kwa nini mimi siuli, nikakuambia unanipandisha tumbo. Kuacha kazi nikakuambia ni magoti.

Si magoti. Siwezi tena kukaa chini ya kitu kilichojengwa. Umenitania sana kwamba nachagua kiti kanisani kama bibi harusi. Ninachagua mahali pasipo na boriti juu yake, kwa sababu watu wakianza kuimba naziona boriti zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, na hakuna mwingine anayetazama juu. Kwenye basi natazama nguzo ya mlango. Hata wewe, ulipokuwa umelala na homa mwaka jana, nilikutazama kifua kikipanda, nikajikuta nasubiri kigeuke chekundu. Jamani, mama mzima! Nilitoka nikaenda kupalilia ngoro za watu, yale mashimo ya kulimia mlimani, bila hata kuombwa.

Na kuna jambo sijamwambia hata baba yako. Walipojenga lile daraja jipya, mabaki ya lile la zamani waliyaacha pembeni, nusu yake bado imesimama juu ya mto, haiendi popote. Watu wa pale hawapiti karibu nayo. Mwaka jana nilikwenda. Nilichagua saa sita mchana kwa makusudi, jua la utosi, ili nisidanganywe na chochote. Nikasimama kwenye ule upande uliobaki. Ndiyo, najua, chuma kikipata joto hutanuka na kulia, nimefundisha vijana hilo. Nikasikiliza. Tik, tik, tik. Nikasogea hatua tano kulia. Likasogea. Nikarudi. Likarudi. Nikasimama bila kupumua, likasimama. Kisha likaanza tena, zito zaidi, polepole, kwa hatua za watu wengi, kushoto, kulia, na likafika mpaka pale sakafu ilipokatikia. Halikugeuka. Lilikoma tu. Niliondoka pale nimeshika viatu mkononi, na sijui nilivivua saa ngapi.

Sina maelezo. Nakuandikia kama nilivyosikia.

Ningeweza kuishi na hayo yote, nakuambia ukweli wenye aibu. Nimeishi nayo miaka minne, nimevuna kahawa, nimecheka kwenye harusi. Kilichonishinda ni folda yako. Mtu mmoja nimeshamfukia kwa uongo wangu. Sasa uongo huo umekaa juu kabisa kwenye mafunzo, na mwanangu ndiye anayeulisha kwenye mashine. Itajifunza kwamba ufa uliofumba ndio uzima. Itatumwa kwenye madaraja nisiyoyajua, itapiga picha malori matupu, itasema salama, salama, salama, kwa sauti yangu.

Leo asubuhi, mlipodhani niko sokoni, nilikuwa ofisini Mbinga. Nimepeleka barua ya kurasa mbili na nakala ya video yote, na dakika zile zilizokatwa, wakanigongea muhuri wa kupokelewa. Yule kijana wa mapokezi alisoma mstari wa kwanza akasimama. Nakala nyingine iko kwenye flashi iliyofungwa pamoja na barua hii. Ukifika kazini, kabla hujaonyeshwa kiti chako, waambie waitoe Luwindo kwenye folda ile. Wakisema subiri tufuate utaratibu, wewe itoe. Baba yako nimemwambia. Alichukua mkasi akaenda kukatia mibuni, na mpaka sasa bado anakatia. Nadhani mwaka huu hatutakuwa na kahawa.

Jumanne nilipowaaga kwamba nakwenda hospitali ya Liuli kuonyesha magoti, nilikwenda kwa Mama Stela.

Alinikuta njiani akanipokea kikapu, "Karibu dada yangu, karibu, umekonda!" Akanipeleka jikoni, akaweka maji ya chai. Nikamwambia azime moto kwanza. Nikamweleza yote bila kupunguza. Mpaka sasa sijui nilitumia dakika ngapi. Nje usipa ulikuwa umeanikwa, kunguru wanashuka wanakula, na yeye ambaye hukimbiza kunguru tangu asubuhi hakugeuka.

Nilipomaliza akasema, "Nionyeshe."

Nikafungua kompyuta yangu ya zamani niliyokuja nayo kikapuni. Nilidhani anataka kuona ufa. Nikamwonyesha kile kiungio, nyekundu, bluu, nyekundu. Akatikisa kichwa. "Sio hicho. Umesema mlikuwa na kamera nyingine, ya juu. Nionyeshe watu."

Ile ya juu mimi niliitazama mara nyingi, Otilia, lakini niliitazama kwa kuhesabu vichwa. Sura sikuziangalia. Nikaifungua. Wakaanza kuja, msalaba mbele, jeneza nyuma. Wakafika katikati, wakasimama kubadilishana mabega. Madereva wa malori yaliyosimamishwa walikuwa wameshuka kuwasaidia wenyeji, kama wafanyavyo siku zote. Mmoja akapenya kati ya watu, akainama, akaingiza bega lake chini ya jeneza, upande wa mbele, kulia. Alipoinuka aligeuka akaangalia kamera.

Mama Stela akaweka kidole kwenye kioo. "Shati lile nimelifua mimi," akasema.

Baba Stela. Amesimama juu ya kiungio cha saba, hai, majuma matatu kabla. Jeneza begani. Ananitazama. Na mimi, mwanangu, najua saa na sekunde ya picha ile, najua kwenye kamera ya chini kilichokuwa kinatokea wakati ule ule, inchi chache chini ya mguu wake. Ufa ulikuwa wazi.

Aliniambia nirudishe. Nikarudisha. Akasema tena. Tukamtazama anapenya, anainama, anainuka, anatutazama, sijui mara ngapi, mpaka kompyuta ikaisha chaji. Hata kioo kilipokuwa cheusi hakuondoa kidole.

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kuomba. Nikamwuliza anataka nifanye nini.

"Walimsema hadharani," akasema. "Sokoni, shuleni, mpaka mlangoni mwa kanisa. Wewe hutamsafishia jikoni kwangu. Jumapili, watu wakitoka ibadani, utasimama nje pale wanaposalimiana, useme. Mimi nitakuwa mbele."

Nikamwuliza kama nije na mume wangu.

"Njoo peke yako," akasema. "Wangu alikuwa peke yake."

Basi ni Jumapili hii. Utakapoisoma barua huenda itakuwa imebaki usiku mmoja, na nakujua, utaishika simu. Usinipigie kunizuia, na usinipigie kunitia moyo, nitalia nishindwe kusema. Sijui watanifanya nini. Pengine polisi, pengine watanitemea mate, pengine watanyamaza, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Jambo hili litakufikia mpaka huko. Kuna siku mtu atasoma jina lako la ukoo kwenye kitambulisho, atakuuliza, yule mkaguzi wa Luwindo ni nani wako? Sikufundishi la kujibu. Ukisema humjui, sitakulaumu, naapa sitakulaumu, mimi nilimkana mtu aliyekuwa ananitazama usoni.

Kwenye barua hii yote nimemwita Baba Stela, kama tulivyozoea, na ofisini walimwita dereva. Alikuwa anaitwa Wilfredi. Nimelisema jina hilo chumbani tangu jana, peke yangu, kwa sauti, ili Jumapili nisije nikalikwepa. Sasa hivi umeacha kuimba, umeniuliza kupitia ukutani, "Mama, unaongea na nani?"

Nimekujibu, siongei na mtu, lala. Huo ndio uwe uongo wangu wa mwisho kwako.

Mama yako